Jembe na Kalamu: Mgawanyo wa Masomo ya Vitendo na ya Taaluma Kaskazini mwa Ziwa Nyasa, 1891–1967

1.0 Utangulizi

Insha hii inachunguza asili na matokeo ya mgawanyo wa masomo ya vitendo na masomo ya taaluma katika elimu iliyowafikia wakazi wa Kyela na mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, tangu kufika kwa wamisionari mwaka 1891 hadi kutangazwa kwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kyela lilihesabiwa kuwa sehemu ya Rungwe.

Kumekuwa na maelezo yaliyozoeleka kwamba Mwafrika aliyeonja elimu alilidharau jembe, na ndiyo sababu masomo ya kilimo na kazi za mikono hayakupendwa shuleni. Insha hii inapinga maelezo hayo. Hoja yake ni kwamba wazazi hawakuikataa kazi ya mikono. Walichokikataa ni elimu ya mikono iliyowarudisha watoto wao palepale walipotoka, tena ikiamuliwa na watu wengine kwa niaba yao.

2.0 Maarifa ya Vitendo kabla ya Shule

Shule haikuja kwenye ombwe. Wanyakyusa wa bonde la Kyela walikuwa wakulima hodari wa ndizi na wafugaji wa ng'ombe, na baadaye mpunga ukawa zao kuu la bondeni. Kama Monica Wilson alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1951, vijana walihama nyumba za wazazi wao na kuishi katika vijiji vya rika lao, huku wakiendelea kuchunga ng'ombe na kulima mashamba ya baba zao. Rika lilikuwa shule ya kazi, ya adabu na ya ushirikiano.

Pembezoni mwa ziwa, wanawake wa Kikisi wa Ikombe na vijiji jirani walifinyanga vyungu vilivyovushwa kwa mitumbwi na kubadilishwa kwa chakula. Kutoka Milima ya Livingstone, Wakinga walileta majembe waliyofua wenyewe. Ufinyanzi, uhunzi na kilimo vilikuwa na walimu wake, na mtoto alijifunza kwa kushiriki kazi ambayo matunda yake aliyaona. Jambo hili ni la msingi katika kuelewa yaliyofuata.

3.0 Shule za Misheni, 1891–1924

Mwaka 1891 Wamoravian walifika Rungwe na Misheni ya Berlin, ikiongozwa na Alexander Merensky, ikaingia katika nchi hiyohiyo kutokea ziwani. Baadaye vituo vilifunguliwa Ipyana, katika tambarare ya Kyela, na Ikombe, pwani ya ziwa. Lengo la kwanza la shule zao lilikuwa kumwezesha muumini kusoma Maandiko kwa Kinyakyusa. Hata hivyo, ujenzi wa makanisa na nyumba ulihitaji waashi, wafyatua matofali na maseremala. Hivyo ufundi ulifundishwa kwa sababu ulihitajika mara moja.

Ng'ambo ya Mto Songwe, Misheni ya Livingstonia ya Waskoti ilikuwa na mpango mpana zaidi. Chuo cha Overtoun, kilichoanzishwa na Robert Laws huko Khondowe mwaka 1894, kilifundisha useremala, uashi na uchapaji chini ya paa moja na ualimu, Kiingereza na hesabu. Mafundi wake walitafutwa hadi Rhodesia na Afrika Kusini. Kutoka chuo hichohicho alitoka Levi Mumba, mmoja wa waanzilishi wa chama cha wenyeji wa Nyasa ya Kaskazini mwaka 1912, na Clements Kadalie, aliyeanzisha chama kikubwa cha wafanyakazi Afrika Kusini mwaka 1919. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Kijerumani walipokuwa wameondolewa, ni Waskoti hao wa Livingstonia waliosimamia kazi ya misheni kaskazini mwa Songwe hadi Wajerumani waliporejea katikati ya miaka ya 1920.

4.0 Nadharia Iliyovuka Bahari

Wakati huohuo, Marekani ilikuwa katika mjadala mkali juu ya shule zake za sekondari. Mwaka 1893 kamati iliyoongozwa na Charles Eliot ilipendekeza kwamba kila somo lifundishwe kwa namna moja kwa wanafunzi wote wanaolisoma, awe anayekwenda chuo kikuu au asiyekwenda. Kadiri watoto wa wafanyakazi na wahamiaji walivyoongezeka shuleni, msimamo huo ulilegea. Sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917 ilitoa fedha za serikali kuu kwa ajili ya masomo ya kilimo, ufundi na maarifa ya nyumbani, na mikondo tofauti ikaota mizizi ndani ya shule za sekondari.

Kwa Wamarekani Weusi, suala hilo lilikuwa zito zaidi. Shule za Hampton, iliyoanzishwa mwaka 1868, na Tuskegee, iliyoanzishwa na Booker T. Washington mwaka 1881, zilisisitiza kazi za mikono. W. E. B. Du Bois alipinga, akiona kwamba elimu ya aina hiyo, ikifanywa kuwa ndiyo pekee, ingelifungia taifa zima nje ya uongozi. Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufanya kazi Hampton, ndiye aliyeongoza Tume ya Phelps-Stokes iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, akiwa pamoja na James Aggrey wa Gold Coast. Tume ilihimiza elimu inayolingana na mazingira ya Mwafrika: afya, matumizi ya ardhi, maisha ya nyumbani na burudani njema.

5.0 Utekelezaji katika Tanganyika

Mapendekezo hayo yaliingia katika waraka wa Uingereza wa mwaka 1925 kuhusu elimu katika makoloni ya Afrika, na Sheria ya Elimu ya Tanganyika ya mwaka 1927 ikafungamanisha ruzuku na viwango vya serikali. Mfano mashuhuri ulikuwa Malangali, kaskazini-mashariki mwa Rungwe, ambako W. B. Mumford alianzisha shule mwaka 1928. Wazee walialikwa kuwa washauri, ngoma na mchezo wa mkuki vikapewa nafasi, na wavulana wakavaa mavazi yaliyofuata desturi. Nia ilikuwa njema kwa kiasi chake, kwani ilitambua kwamba Mwafrika alikuwa na utamaduni. Lakini jaribio hilo halikudumu, na shule ikarudi kwenye mtaala wa kawaida.

6.0 Kwa Nini Kalamu Ilipendelewa

Sababu ya kwanza ni ya kiuchumi. Katika miaka ya 1930 vijana wengi wa Kinyakyusa walikwenda kufanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, hali ambayo Godfrey Wilson aliichunguza. Huko kijana aliona kwa macho yake tofauti kati ya anayechimba na anayeandika majina ya wachimbaji. Hakuhitaji kufundishwa dharau. Daftari la mishahara lilimfundisha hesabu.

Sababu ya pili ni ya kielimu. Shule ilipomfundisha mtoto wa Kyela kulima, ilimpa kile ambacho mama yake alikijua vizuri zaidi ya mwalimu. Kilichokosekana nyumbani kilikuwa maandishi, hesabu na lugha ya ofisi. Overtoun inathibitisha jambo hili kwa upande wa pili: useremala na uchapaji, ambavyo ni kazi za mikono, vilipata wanafunzi kwa sababu viliongeza ujuzi mpya na kufungua ajira.

Sababu ya tatu ni ya kisiasa. Watawala waliosifu jembe waliwapeleka watoto wao wenyewe kwenye shule za vitabu. Mwenyeji aliyeona hivyo alikuwa na haki ya kuuliza.

7.0 Hitimisho

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilijaribu kuondoa aibu hiyo kwa kulifanya shamba la shule kuwa wajibu wa kila mwanafunzi. Hata hivyo, pale ambapo shamba liligeuka kuwa kibarua kisicho na somo, mashaka ya zamani yalirejea. Leo, mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umeweka tena mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Historia ya Kyela haisemi kwamba mgawanyo huo ni kosa. Inatutaka tuulize maswali matatu kabla ya kumpangia mtoto mkondo: Je, somo hili linamwongezea nini juu ya anachokijua nyumbani? Linamfungulia mlango gani? Na je, yule anayelipendekeza angelichagua kwa mtoto wake? Majibu yakiwa ya kweli, jembe na kalamu vitakaa katika mkono mmoja bila kugombana.