Sarafu za Tabora za 1916

Sarafu za Tabora ni fedha za dharura zilizopigwa na serikali ya kikoloni ya Kijerumani huko Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ziko za thamani tatu: heller 5 ya shaba njano, heller 20 ya shaba njano au shaba nyekundu, na rupia 15 ya dhahabu. Zote zina herufi T, alama ya mahali zilipopigwa. Ya dhahabu ndiyo maarufu zaidi na hugombaniwa kwenye minada, lakini anayetaka kujifunza utambuzi wa sarafu atafaidika zaidi na zile za shaba.

Tangu 1904 rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani iligawanywa katika heller 100, badala ya pesa 64 za awali. Sarafu zilitengenezwa Ujerumani, Berlin (alama A) au Hamburg (alama J), kisha zikaletwa kwa meli. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza zilifunga pwani na njia hiyo ikakatika. Waliokuwa na fedha ya chuma waliificha, nayo serikali ilikuwa na askari na wapagazi wa kulipa. Noti za muda zilianza kuchapwa mwaka 1915, lakini karatasi haikuaminika kama chuma. Ndipo karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kuwa kiwanda cha fedha, chini ya Friedrich Schumacher, aliyekuwa mkuu wa mgodi wa dhahabu wa Sekenke.

Sekenke iko Iramba, katika mkoa wa Singida wa leo, na dhahabu ya rupia 15 ilitoka huko. Wengi katika ukanda wa Ziwa hudhani ilitoka Geita. Sivyo: mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji miaka ya 1930, chini ya utawala wa Waingereza. Shaba ilipatikana kwa kuyeyusha chochote kilichokuwepo, yakiwemo maganda ya risasi na ya makombora. Kazi ilikoma majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji tarehe 19 Septemba 1916.

Sarafu ndogo kupigwa mbali na makao makuu ya dola si jambo geni katika historia. Katika majimbo ya mashariki ya Dola ya Roma, miji mingi ilijipigia shaba yake ya sokoni, yenye uso wa kaizari upande mmoja na jina la mji kwa Kigiriki upande wa pili. Wataalamu wa sarafu hizo za Kirumi hulinganisha mihuri: kila muhuri wa kupigia huacha dosari zake kwenye chuma, na sarafu mbili zenye dosari zilezile zimetoka muhuri mmoja. Njia hiyohiyo ndiyo inayofaa kwa Tabora. Mihuri ilichongwa kwa mkono kwa haraka, kwa hiyo hakuna miwili iliyofanana kabisa.

Heller 20 ina upana wa milimita 29 hivi. Mbele kuna taji la kifalme, herufi D.O.A. (kifupi cha jina la koloni kwa Kijerumani) na mwaka 1916. Nyuma kuna namba 20 na neno HELLER kati ya matawi mawili, na T chini yake. Kwa hesabu za katalogi, za shaba njano zilikuwa takriban 1,600,000 na za shaba nyekundu 300,000. Mchunguzi huanza na taji, kwa kuwa kuna muhuri wa taji kubwa na wa taji dogo. Kisha huzitazama herufi mbili za L katika HELLER kwa kioo cha kukuza. Ncha za L zote mbili zinaweza kuwa kali, zinaweza kuwa zimejikunja, au ya L ya pili peke yake ndiyo iliyojikunja. Mihuri hiyo ya mbele na ya nyuma ilichanganywa kazini, na michanganyiko mingine ni adimu sana kuliko mingine. Sarafu iliyouzwa kama ya kawaida tu inaweza kuwa moja ya hizo, na muuzaji asijue. Katika heller 5 cha kutazama ni kitako cha taji, kilichopinda au kilichonyooka, pamoja na unene: zenye kitako kilichonyooka ni nyembamba.

Rangi ya chuma hudanganya. Shaba njano iliyokaa ardhini huwa kahawia na kufanana na nyekundu, hivyo pa kuangalia ni ukingoni na kwenye sehemu zilizosuguliwa na mikono, pasipo kukwaruza kitu. Uzito nao hutofautiana sana hata kati ya sarafu halali, kwa sababu vipande vilikatwa kutoka mabamba yasiyo na unene sawa. Nyufa za ukingoni, maandishi hafifu na picha iliyokaa upande ni mambo ya kawaida. Sarafu ya Tabora iliyo nadhifu kupita kiasi ndiyo ya kutiliwa shaka.

Ya dhahabu inastahili uangalifu mkubwa zaidi. Ina uzito wa gramu 7.17 na dhahabu sehemu 750 kwa 1,000, yaani karati 18. Upande mmoja una tai wa Ujerumani, mwingine una tembo mbele ya milima. Mihuri yake ilichongwa na sonara wa Kisinhala. Zilipigwa 16,198 tu. Katika 9,803 nakshi ya kulia upande wa tai huishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA. Katika 6,395 huishia chini ya A inayofuata ile T. Za kughushi zipo nyingi, nyingi zikiwa za kumiminwa kwenye kalibu, zenye vitundu vidogo usoni na mstari ukingoni. Mnunuzi wa dhahabu wa Nyarugusu, huko Geita, aliyezoea kupima mzigo hewani kisha majini, anaweza kuipima kwa vifaa alivyo navyo: dhahabu ya karati 18 hutoa gramu 15 hadi 16 kwa sentimita moja ya ujazo, na shaba njano haifiki 9. Kipimo hicho huonyesha chuma tu. Ghushi iliyotengenezwa kwa dhahabu halisi itafaulu, na hapo mwamuzi ni mihuri.

Kuosha sarafu kwa limao, majivu au steelwool ni kuiharibu: ngozi yake ya kale huondoka pamoja na ncha za zile herufi za L. Maji safi na kitambaa laini vinatosha. Kila sarafu ihifadhiwe na karatasi inayotaja ilikopatikana, kama ni shambani, kwenye duara (shimo) la wachimbaji au katika sanduku la urithi, pamoja na uzito, upana na aina ya mihuri. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kama masalia vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Sarafu za Tabora hazigusi tarehe hiyo, lakini zile za shaba za masultani wa Kilwa ziko ndani yake, na hizo, zikichimbuliwa popote, hutolewa taarifa serikalini.