Ngitili: malisho yenye miti ya Usukumani

Ngitili ni eneo la malisho yenye miti ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza na kulifungua kiangazi kinapokolea. Zimeenea zaidi katika mikoa ya Shinyanga na Simiyu nchini Tanzania, ambako mvua ni kama milimita 600 hadi 800 kwa mwaka. Zipo za kaya, nyingi zikiwa za hekta chache tu karibu na mashamba, na zipo kubwa zaidi za kijiji au za taasisi kama shule. Hifadhi za malisho zinazofanana na hizi zipo kwingine pia: Wamasai wana alalili, na Waturkana wa Kenya wana ekwar kando ya mito, kila familia na migunga yake.

Kuanzia Novemba au Desemba mifugo haiingii. Nyasi hukua, hutoa mbegu, kisha hukauka zikiwa zimesimama. Mnamo Julai au Agosti, nje kukiwa kumebaki vumbi, eneo hufunguliwa kipande kwa kipande. Hutangulizwa ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa na maksai, maana maksai wakidhoofika hakuna wa kukokota plau mvua zikirudi.

Mti unaoeleza vizuri maisha ya ngitili ni mgunga. Maganda yake yaliyojikunja hudondoka wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekwisha nguvu, na mifugo huyafuata hadi chini ya kivuli. Mbegu nyingi huwa zimekwisha kuingiliwa na mabuu ya wadudu. Zikiliwa mapema, mabuu hufia tumboni mwa mnyama, na mbegu nzima hutoka na samadi mbali na mti mama, gamba lake gumu likiwa limelainika. Mizizi ya migunga, kwa msaada wa bakteria, huongeza nitrojeni ardhini, na kivuli hupunguza kukauka kwa udongo. Hata hivyo miti ikisongamana nyasi hufifia, hivyo kupogoa na kupunguza miti ni sehemu ya utunzaji. Kumfukuza ng'ombe moja kwa moja si kuihifadhi ngitili; huo ni mwanzo wa kuigeuza kichaka.

Uharibifu wake ulikuja kwa awamu. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliongoza ufyekaji mkubwa wa vichaka ili kuwaondoa mbung'o. Pamba ikafuata, ikala ardhi. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu na kuwatenga na ngitili walizozitunza, na eneo lisilo na mwenyewe halikudumu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania, na ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofadhiliwa na Norway na baadaye kusaidiwa na kituo cha utafiti wa kilimo mseto, ICRAF. Mwanzoni nguvu ziliwekwa kwenye vitalu na miche. Mafanikio makubwa yalipatikana pale wanakijiji walipoachiwa kufunga maeneo yao wenyewe, kwa sababu chini ya ardhi iliyoonekana tupu visiki vilikuwa hai na vilichipua. Dagashida, baraza la jadi, lilipanga masharti na faini, na sungusungu, walinzi wa jadi, walilinda. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, makadirio ya eneo lililorejeshwa yalikuwa kati ya hekta 300,000 na 500,000, katika vijiji zaidi ya 800. Tathmini iliyotolewa mwaka 2005 ilitaja aina 152 za mimea na aina 145 za ndege. Akina mama walipata kuni na mboga za porini karibu na nyumbani, nyumba zikapata majani ya kuezekea, waganga wakapata dawa.

Faida hizo hazikuwafikia wote sawasawa. Mwenye ardhi na mifugo mingi hufunga eneo kubwa. Asiye nacho hununua malisho au hubanana katika ngitili ya kijiji. Hasara nazo zipo: fisi wamerudi pamoja na vichaka. Hatari kubwa zaidi leo ni mkaa, ongezeko la mifugo, na urithi unaoikata ngitili ya baba kuwa vipande visivyotosha hata ndama wawili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinavipa vijiji uwezo wa kupanga na kuhifadhi maeneo hayo, lakini sheria haimlindi asiyeitumia. Kijiji ambacho hakijaandika ngitili zake katika mpango wake wa matumizi ya ardhi kifanye hivyo sasa, na dagashida ipewe nafasi katika kuamua lini zifunguliwe na nani aingie kwanza.