Sukari ya Mwanamke na Kalenda ya Mwili Wake

Dada yangu huchoma insulini tangu akiwa shule, na vipimo vyake huviandika kwenye daftari la mistari. Asubuhi, kabla ya chai: 6.2, 6.0, 6.4. Kisha siku nne mfululizo: 8.9, 9.3, 9.1, 9.4. Mwezi uliofuata, vivyo hivyo. Alipolifungua daftari hilo kliniki, aliulizwa swali moja tu: “Mama, umekula nini?” Nilikuwa nimemsindikiza. Nilimwona akiinama kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Jibu lilikuwa humo daftarini: namba zilipanda siku chache kabla hajaingia kwenye siku zake, zikashuka hedhi ilipoanza. Kuhusu hedhi hakuulizwa.

Kumpima mwanamke sukari bila kujua homoni zake ziko katika hatua gani ni kuyasoma majibu nusu. Estrojeni, hasa estradioli, huifanya misuli na ini kuitikia insulini kwa wepesi, na huzilinda seli za kongosho zinazoitengeneza. Yai likishapevuka, projesteroni hupanda na wepesi huo hupungua. Mwenye kongosho zima hahisi kitu, maana kongosho lenyewe huongeza insulini kidogo. Anayetegemea sindano hana akiba hiyo. Dozi iliyomtosha juma lililopita leo inampungukia. Hali hii haiwapati wanawake wote kwa kiasi kimoja, na ndiyo maana daftari la mgonjwa mwenyewe lina uzito kuliko wastani wowote wa kitabuni.

Katika ujauzito jambo hili hukua mpaka halifichiki. Kondo la nyuma hutoa laktojeni na homoni ya ukuaji; hizo, pamoja na projesteroni na kotisoli, huidhoofisha insulini ya mama ili glukosi ibaki kwenye damu na kumfikia mtoto. Ifikapo miezi mitatu ya mwisho, mwili huitikia insulini kwa takriban nusu ya ilivyokuwa, na kongosho hulazimika kuitoa mara mbili hadi tatu zaidi. Likielemewa, ndipo kinapokuja kisukari cha mimba. Uzito na urithi vina sehemu yake, sikatai. Lakini mama anayeambiwa kwamba ameyataka mwenyewe kwa soda anaonewa.

Tena hupimwa vibaya. Kliniki nyingi bado hutegemea mkojo, ilhali figo za mjamzito huweza kupitisha sukari hata ile ya damu ikiwa ya kawaida, na mwenye ugonjwa naye huweza kutoa mkojo safi. Kipimo cha kutegemewa ni cha damu, kwa kinywaji cha glukosi gramu 75, kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya 2013, 5.1 kabla ya kula yatosha kuuthibitisha ugonjwa. Vigezo hivyo viliegemea utafiti wa HAPO uliochapishwa 2008, wa wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9. Hakuna hata moja ya Afrika. Sisemi tuvikatae, nasema wajawazito wetu nao wapimwe na kuhesabiwa.

Hedhi inapokoma, estrojeni hushuka, mafuta huhamia tumboni na sukari huanza kupanda taratibu. Katika jaribio kubwa la Marekani lililositishwa 2002 kwa sababu ya madhara yake, waliopewa estrojeni na projestini walipata kisukari pungufu kwa takriban moja ya tano. Dawa hizo hazifai kuwa kinga ya kisukari, lakini zilithibitisha kwamba homoni zina mkono wake.

Kinachoniuma zaidi hutokea baada ya kujifungua. Kondo likitoka, sukari hushuka upesi na faili hufungwa, ingawa aliyewahi kupata kisukari cha mimba yumo katika hatari ya kupata kisukari cha kudumu mara 7 au zaidi kuliko mwenzake. Wiki ya 6 hurudi na mtoto kwa chanjo. Mtoto hupimwa uzito, huchomwa sindano, kadi yake hujazwa. Mama amekaa kwenye benchi lilelile. Angeambiwa tu aje kabla ya kunywa chai, naye angepimwa asubuhi hiyohiyo.