Neno "Estate"



Leo tufikiri kidogo juu ya neno la Kiingereza ambalo kila mtu wa Kericho na Bomet analo kinywani, hata asiyejua kusoma. Neno lenyewe ni "estate". Sisi tukisema esteti, tunaona chai iliyokatwa sawasawa mpaka upeo wa macho, na nyumba za wafanya kazi zimepangwa mistari. Nairobi, esteti ni mtaa wa nyumba. Mbele ya hakimu, ni mali yote aliyoacha marehemu. Na Waingereza huliita hivyo hata gari lenye nafasi ya mizigo nyuma, kama zile Peugeot zilizokuwa zikitubana abiria safari nzima.

Lakini mwanzoni neno hili halikuwa na shamba ndani yake. Limetoka katika Kilatini, "status", yaani namna ya kusimama. Wafaransa wakasema "estat", Waingereza wakalipokea, likawa na maana ya hali ya mtu: amesimama wapi kati ya wenzake. Ndiyo sababu katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, Luka 1:48, Mariamu anataja "low estate" yake. Biblia yetu yasema unyonge. Binti yule wa Nazareti hatusomi kwamba alikuwa na shamba lolote, lakini estate alikuwa nayo, na Mungu akaitazama.

Basi, neno liliingiaje shambani? Kwa njia ya sheria. Huko Uingereza ardhi yote ilihesabiwa kuwa ya Mfalme. Mtu alikuwa tu na hali yake juu ya ardhi hiyo, ya maisha yake, au ya kurithisha, au ya muda. Hali hiyo ikaitwa estate, na baadaye shamba lenyewe likachukua jina.

Sheria ya Ardhi za Mfalme ya 1915 ilileta mawazo hayo kwetu. Wakipsigis wakawa kama wapangaji katika nchi ya baba zao, wa kuondolewa Mfalme apendapo. Mwaka 1919 maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani walitengewa ekari zipatazo 25,000 hapa Kericho wapande kitani. Bei ikaanguka, mradi ukafa, wala ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond wakaanza chai. Mashamba ya makampuni yaliandikwa kwa miaka 999. Methusela mwenyewe aliishi 969! Katiba ya 2010 ndiyo iliyopunguza muda huo kuwa 99 kwa wasio raia.

Mwaka 1934 sheria nyingine iliuondoa ukoo wa Talai, ukapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, mahali pa mbu na ndorobo. Waliobaki hai walirudi 1962, wakakuta chai. Mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis walipeleka mashtaka yao mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeitazama hali ya Mariamu, watazame wazee hawa, na mama anayechuma chai asubuhi hii katika shamba lisilo lake. Amina.