Kupanua Eneo-kazi la Amiga: Historia Fupi ya Programu ya MoreRows

1.0 Utangulizi

Historia ya kompyuta za nyumbani kwa kawaida huandikwa kwa kufuata mashine na kampuni zilizoziunda. Programu ndogondogo zilizosambazwa bure miongoni mwa watumiaji hutajwa kwa nadra, ingawa mara nyingi ndizo zinazoonesha namna watu walivyokabiliana na mipaka ya mashine hizo. Makala haya yanachunguza programu moja ya aina hiyo, MoreRows, iliyotumika kupanua eneo-kazi la kompyuta ya Amiga katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Hoja inayojengwa ni kwamba MoreRows haikuipa mashine uwezo mpya. Ilifungua uwezo uliokuwamo tayari ndani ya mfumo, lakini ambao mtumiaji wa kawaida hakuwa amewekewa njia ya kuufikia.

2.0 Chanzo cha Mpaka

Kampuni ya Commodore iliizindua Amiga jijini New York tarehe 23 Julai 1985. Kama kompyuta nyingi za nyumbani za wakati huo, Amiga iliundwa ili iweze kuoneshwa kwenye televisheni, au kwenye kiwambo kilichotumia teknolojia ileile. Katika televisheni za aina hiyo, picha inayochorwa ni kubwa kuliko sehemu inayoonekana. Kingo zake hufichwa nyuma ya fremu, na kiasi kinachofichwa hutofautiana baina ya televisheni moja na nyingine. Kwa mtazamaji wa filamu, kupotea kwa ukingo si hasara kubwa. Kwa mtumiaji wa kompyuta, ukingo uliopotea unaweza kuwa na herufi ya kwanza ya kila mstari, au kitufe cha kufungia dirisha.

Waundaji waliikwepa hatari hiyo kwa kuacha ukanda mtupu kuizunguka picha. Eneo-kazi la Amiga, lililoitwa Workbench, likapewa nukta 640 kwa 200 katika mashine za Marekani, na 640 kwa 256 katika zile za Ulaya zilizofuata mfumo wa PAL. Kwa herufi zenye upana na kimo cha nukta 8, skrini ya Marekani ilibeba herufi 80 kwa mstari na mistari 25. Kipimo hicho kilikuwa salama kwa televisheni mbovu kuliko zote, lakini kiliwanyima nafasi wale waliokuwa na viwambo bora, ambao kila siku waliuona ukanda mtupu usio na kazi.

Mfumo wenyewe ulitoa njia mbili za kupunguza adha hiyo, na zote mbili zilikuwa na kasoro. Njia ya kwanza ilikuwa kuongeza maradufu idadi ya mistari kwa kuichora kwa kupishana, yaani mistari witiri katika mzunguko mmoja na mistari shufwa katika mzunguko unaofuata. Kwa kuwa kila mstari ulirudiwa mara 30 tu kwa sekunde nchini Marekani, na mara 25 barani Ulaya, picha ilimetameta na kuchosha macho. Njia ya pili ilikuwamo katika programu ya mipangilio iliyoitwa Preferences, ambamo mtumiaji aliweza kuisogeza picha nzima juu, chini, kushoto au kulia. Aliruhusiwa kuihamisha, lakini hakuruhusiwa kuikuza.

3.0 Utendaji wa MoreRows

MoreRows iliandikwa na Neil Katin na Jim Mackraz, wahandisi walioifahamu Amiga kutoka ndani. Mackraz alishiriki katika kuendeleza Intuition, sehemu ya mfumo inayosimamia madirisha na menyu. Programu yao ilisambazwa kupitia maktaba ya diski za Fred Fish, mkusanyiko mashuhuri wa programu za bure za Amiga, ambao kufikia mwaka 1994 ulikuwa umepita diski 1,000.

Siri ya MoreRows ilikuwa ndogo. Mipangilio ya mtumiaji ilihifadhiwa katika faili moja lenye baiti 232 tu, lililosomwa kila mara mashine ilipowashwa. Ndani ya mipangilio hiyo mlikuwa na nafasi mbili, RowSizeChange na ColumnSizeChange, zilizoeleza ni mistari mingapi na safu ngapi za nukta ziongezwe kwenye kipimo cha kawaida. Majina ya nafasi hizo yaliandikwa waziwazi katika mafaili ya waandishi wa programu, lakini Preferences haikuwa na kitufe cha kuzibadili. MoreRows ilijaza pengo hilo. Mtumiaji alitaja nyongeza aliyoitaka, akaihifadhi, akaiwasha upya mashine yake, na Workbench ikafunguka ikiwa kubwa zaidi.

Iwapo kiwambo chake kiliruhusu, mtumiaji wa Marekani aliweza kufikia takriban nukta 704 kwa 240. Hiyo ni mistari 30 ya maandishi badala ya 25, na herufi 88 badala ya 80, bila mmetameto wowote. Kwa mtu aliyeandika programu au barua ndefu, mistari 5 ya ziada haikuwa jambo dogo.

4.0 Gharama za Upanuzi

Upanuzi huo haukuja bure. Workbench ya kawaida yenye rangi 4 ilichukua baiti 32,000 za kumbukumbu. Ilipopanuliwa hadi nukta 704 kwa 240 ilichukua baiti 42,240, ongezeko la asilimia 32. Amiga ya kwanza iliuzwa ikiwa na kilobaiti 256 tu, na kumbukumbu hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa na sauti, diski na programu zote. Aidha, chipu za Amiga ziligawana muda wa kuisoma kumbukumbu. Skrini ilipopanuliwa kwa upande, ilinyakua muda uliotengewa picha ndogo 8 zinazoelea juu ya skrini, kwa kuanzia na ile ya mwisho. Kielekezi cha kipanya kilisalimika kwa sababu kilitumia picha ya kwanza.

Tatizo jingine lilitokana na waandishi wa programu wenyewe. Programu iliyouuliza mfumo kipimo cha skrini ilinufaika mara moja. Programu iliyochukulia kwamba skrini zote zina nukta 640 kwa 200 ilifungua dirisha lake la zamani na kuiacha nafasi mpya tupu. Hivyo basi, MoreRows ilidhihirisha ni nani aliyeandika kwa kufuata kanuni na ni nani aliyebahatisha.

5.0 Hitimisho

Mwaka 1990 Amiga 3000 ilitolewa ikiwa na toleo la 2.0 la mfumo. Toleo hilo lilimruhusu mtumiaji kuonesha mwenyewe, kwa kuburuta kingo, kiwambo chake kinaishia wapi. Lilimruhusu pia kuwa na eneo-kazi kubwa kuliko kiwambo, linalosogea kielekezi kinapofika ukingoni. Haja ya MoreRows ikaisha.

Kutoweka huko hakupaswi kuchukuliwa kuwa kushindwa. Mpaka wa nukta 640 kwa 200 haukuwekwa na uwezo wa mashine. Uliwekwa na tahadhari ya mtengenezaji asiyejua televisheni ya mteja wake ikoje. Aliyejua ni mteja mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeketi mbele yake. MoreRows ilihamisha uamuzi huo kutoka kwa asiyekiona kiwambo hadi kwa anayekiona, na toleo la 2.0 likauhalalisha uhamisho huo.