Kalenda na Usiku Mrefu wa Desemba

Katika nusu ya kaskazini ya dunia, usiku mrefu kuliko wote huangukia tarehe 21 au 22 Desemba, wakati jua linapofikia kikomo chake cha kusini na kuanza kurejea, tukio ambalo wanafalaki huliita solistisi. Mataifa mengi ya nchi za baridi yalikuwa na sherehe za majira hayo, lakini baadhi yake leo haziafikiani na jua, na lawama haiwastahili waumini bali waliotunga kalenda.

Kalenda ya Julius Caesar, iliyoanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo, iliukadiria mwaka kuwa na siku 365 na robo, hesabu iliyozidi ukweli kwa dakika 11 hivi, kiasi kwamba kila baada ya miaka 128 tarehe zilipishana na jua kwa siku moja. Warumi waliihesabu solistisi kuwa tarehe 25 Desemba, siku ileile ambayo hati ya Roma ya mwaka 354 inaitaja kuwa ya kuzaliwa kwa Kristo, ingawa wanahistoria wangali wanabishana iwapo Kanisa liliichagua kwa sababu ya jua. Kufikia karne ya 14, solistisi ilikuwa imerudi nyuma hadi tarehe 13 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Lucia wa Sicilia, na ndiyo maana Waswidi waliuamini usiku huo kuwa mrefu kupita wote, imani iliyodumu hata baada ya nchi yao kubadili kalenda mwaka 1753.

Wairani wa leo hawana mkanganyiko huo, kwa kuwa kalenda yao ya sasa hufuata mwendo halisi wa jua. Usiku wa Yalda, ambao familia hukesha zikila makomamanga na matikiti maji huku zikisoma mashairi ya Hafez, huangukia palepale kwenye solistisi. Hanuka ya Wayahudi, inayokumbuka kutakaswa upya kwa Hekalu la Yerusalemu mwaka 164 kabla ya Kristo, hufuata mwezi pamoja na jua, hivyo huhamahama kati ya mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Januari.

Makunduchi, Zanzibar, kuna mfano wa upotevu mkubwa zaidi, ingawa si wa majira ya baridi ya kaskazini: Mwaka Kogwa, wenye asili ya Nairuzi ya Waajemi inayosherehekewa Machi, sasa huadhimishwa Julai, kwa sababu mwaka wake ulihesabiwa siku 365 kamili bila kuwekewa mwaka mrefu.

Papa Gregori wa 13 aliirekebisha kalenda mwaka 1582 kwa kufuta siku 10, akiirejesha kwenye hali ya mwaka 325 badala ya enzi za Caesar, na kwa hiyo Krismasi ilibaki siku tatu au nne baada ya solistisi. Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi, ambalo halikuyapokea marekebisho hayo, husherehekea tarehe 7 Januari, na kuanzia mwaka 2101, tofauti ya kalenda hizo mbili itakapokuwa imefikia siku 14, Krismasi yake itaangukia tarehe 8.