Mto wa Msafiri na Asili Yake

Neno "mto" humtatiza mwanafunzi wetu hapa Uganda tangu siku za mwanzo. Amekwisha fundishwa kwamba mto ni maji yatiririkayo, kama Nile itokapo ziwani huko Jinja; kisha anasoma kitabuni kwamba mzee fulani aliweka kichwa juu ya mto akalala usingizi, naye hushangaa jinsi mzee huyo alivyosalimika. Mwaka jana, kicheko kilipokwisha darasani, kijana mmoja aliniuliza: mto wa kulalia hutiwa nini ndani? Nilimjibu kwamba hutiwa sufi. Hapana hata mmoja aliyelijua neno hilo. Wote walijua sponji tu. Hapo nikaona kwamba neno linatutoka pamoja na kitu chenyewe, na swali lile halikuniacha.

Mto wa kale wa Afrika haukuwa laini. Ulikuwa wa mti, wenye mguu au miguu na mgongo uliochongwa kwa kuinama kidogo, upate kupokea shingo. Katika kaburi la mfalme Tutankhamun wa Misri, lililofunguliwa mwaka 1922, ilipatikana mito ya namna hiyo, mmojawapo wa pembe ya ndovu. Waluba wa Kongo walichonga yao kwa ustadi mkubwa, mingine ikiwa na sanamu za watu waliosukwa nywele. Na ndiyo ilikuwa kazi yake, kwani msuko uliomchukua msusi saa nyingi haukufaa kuvurugwa kwa usiku mmoja. Lakini wasafiri hasa ni wachungaji. Mwanamume wa Kiturkana huchukua mkononi kigoda kidogo kiitwacho ekicholong: mchana hukikalia, usiku hukiwekea kichwa. Majirani zao wa Karamoja wanavyo vya namna hiyo. Huo ni mto wa safari uliokuwapo kabla ya basi na ndege, hauna vumbi wala harufu, nao hurithiwa na mtoto.

Mto laini una historia nyingine, na sehemu kubwa ya historia hiyo imehifadhiwa katika maneno yetu ya Kiswahili. Mfuko wa kuvalisha mto tunauita foronya, neno tulilolipata kwa Wareno, wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na kuondoshwa Mombasa mwaka 1698. Wao walikwenda zao, foronya ikabaki mchagoni. Takia, mto mkubwa wa kuegemea, limetujia kwa Waarabu, na sufi vilevile. Kwa Kiarabu sufi ni manyoya ya kondoo. Waswahili wakalihamishia jina hilo kwenye nyuzi za mti, na mti wenyewe wakauita msufi. Aliyekosa sufi aliweza kutia usumba, yaani makumbi ya nazi yaliyochambuliwa.

Msufi ni mti mrefu sana, na shina lake, hasa ungali mchanga, huwa na miiba. Wakati wa kiangazi matunda yake hukauka na kupasuka, nyuzi zikaonekana nyeupe au za manjano hafifu. Nyuzi hizo huanikwa, hupigwa kwa fimbo mpaka mbegu zianguke, na mpigaji hujifunga kitambaa puani. Kila uzi una uwazi ndani, na juu yake una nta nyembamba, kwa hiyo sufi ni nyepesi kuliko pamba nayo haipendi maji. Kwa sababu hiyo ilitiwa katika jaketi za kuwaokoa mabaharia. Kisiwa cha Java ndicho kilichouza sufi nyingi duniani. Wajapani walipokiteka mwaka 1942, Wamarekani waliikosa, hata ikawabidi kuwatuma watoto wa shule mashambani kukusanya nyuzi za magugu ya porini badala yake. Nadhani walimu wenzangu watawahurumia walimu wa watoto wale.

Sponji ni mgeni wa juzi. Mwaka 1937 Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani waligundua njia ya kutengeneza poliyurethani, na katika miaka ya 1950 ikaanza kufanywa povu laini la magodoro na mito. Ni rahisi, nalo halihitaji mtu wa kupiga fimbo. Lakini huwaka upesi, na moshi wake una sumu ya sianidi. Kwa kuogopa moto, jimbo la California liliweka sheria mwaka 1975, na watengenezaji wakatia dawa za kuzuia moto katika povu. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya dawa hizo hutoka povuni, huingia katika vumbi la nyumba, na hukaa katika miili ya watu. Mwaka 2009 baadhi yake ziliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Stockholm ya kemikali za kukomeshwa, na mwaka 2013 California yenyewe ikabadilisha kanuni yake.

Sisemi kwamba kila sponji ni sumu, wala kwamba kila cha mti ni salama. Sufi nayo hushika moto kwa haraka, na vumbi lake humsumbua mwenye pumu. Nisemalo ni kwamba msafiri huweka pua yake juu ya mto usiku kucha, basi ana haki ya kujua kilichomo ndani. Mimi sikujua. Niliwahi kununua mto mdogo katika kituo cha mabasi, nikiapiwa kwamba ni sufi tupu. Nilikwenda nao Mombasa, nikafika nikiwa na kichwa kizito na harufu ya dawa puani. Nilipoufumua nilikuta vipande vya sponji vya rangi tatu, pengine masalio ya magodoro ya watu.

Safari hii nimeshona wangu. Kitambaa ni marekani, kilichofumwa kwa kubana ili nyuzi zisipenye, na foronya ni ya pamba, ya kuvuliwa na kufuliwa kila baada ya safari. Mto wenyewe haufuliwi, huanikwa juani tu. Kabla ya kununua sufi nilitupa kishungi kimoja katika bakuli la maji mbele ya muuzaji, nikangoja. Kilielea.

Yule kijana sasa anataka kujua mto wa mti unaitwaje katika lugha nyingine za jirani zetu. Wasomaji wa Bukavu, Bujumbura na Kigali wenye kuyajua majina hayo wanaombwa wayalete katika toleo lijalo, pamoja na maelezo ya mti unaochongwa.